Muulize Mwalimu: Tangazo la kazi limetoka, maabara je?

Barua za mwezi huu karibu zote zimegusa jambo moja. Vyuo vikuu vinatafuta wahadhiri wa uhandisi wa betri na uhifadhi wa nishati, na wahadhiri hao hawapatikani, au wanapatikana kisha wanaondoka. Nimekaa kwenye kamati za ajira 11, nne kati ya hizo nikiwa mwenyekiti. Nimewahi pia kukaa upande wa pili wa meza, jasho likinitoka. Nawajibu kwa yale niliyoyaona.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkuu wa idara ya uhandisi wa umeme. Tumetangaza nafasi ya mhadhiri mwandamizi wa "betri na uhifadhi wa nishati" mara mbili. Mara ya kwanza tulipata maombi 31, zaidi ya nusu yakitoka kwa wanakemia, na wajumbe wangu wakasema hawa si wahandisi. Mara ya pili tukaweka sharti la shahada ya kwanza ya uhandisi wa umeme. Tukapata maombi manne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutengeneza seli, kile kipande kimoja kimoja kinachounda betri. Sasa mkuu wa kitivo anataka tutangaze mara ya tatu. Tunakosea wapi?
*Mkuu wa Idara*

Marahaba, mwanangu. Neno "betri" kwenye tangazo lenu la kwanza lilikuwa pana mno, kila mjumbe akalijaza kwa picha iliyomo kichwani mwake. Mlipolibana, mkalibana pasipostahili. Shahada ya kwanza ya mtu haikuambii leo anaweza kutengeneza nini.

Kabla ya tangazo la tatu, wakusanye wajumbe uwaulize: siku mtu huyu atakapofika, atashika nini mkononi? Yupo anayeshika poda. Huyo anaunda nyenzo mpya, anazichoma kwenye tanuri, anazichunguza kwa eksirei, na hawezi kuishi mbali na watu wa kemia. Yupo anayeshika seli: anakoroga uji wa elektrodi (zile ncha mbili za seli), anaupaka juu ya karatasi nyembamba ya shaba au ya alumini, anaukausha, anakata, anafunga, kisha anangoja miezi aone seli itakufaje. Yupo anayeshika pakiti, yaani seli nyingi zilizounganishwa, pamoja na upozaji wake na saketi inayokisia chaji iliyobaki. Kukisia huko ni taaluma nzima. Seli ya lithiamu yenye kathodi (elektrodi chanya) ya fosfati ya chuma hukaa karibu na volti 3.2 kwa sehemu kubwa ya chaji yake, kwa hiyo ukipima volti peke yake huwezi kujua kama imebaki nusu au robo. Na yupo asiyegusa seli kabisa. Huyo anafikiria gridi: hifadhi iwe kubwa kiasi gani, ichajiwe saa ngapi, na je, mahali hapo betri ndiyo jibu, au ni maji yanayopandishwa kwenye bwawa la juu ili yashushwe baadaye, au ni joto linalotunzwa?

Hawa ni watu wanne tofauti. Anayewaeleza kwamba yeye ni wote wanne, mwombeni awaonyeshe kazi ya mikono yake.

Idara ya umeme kwa kawaida inamhitaji wa tatu au wa nne, na hao mtawapata bila shida mkisema hivyo waziwazi. Lakini kama mnachokitaka kweli ni mtu wa seli, ondoeni lile sharti la shahada. Wengi wao wamepitia kemia, uhandisi kemikali au sayansi ya nyenzo, na hilo haliwapunguzii chochote.

Wakumbushe wajumbe wako habari za John Goodenough. Alikuwa mwanafizikia kwa shahada yake ya uzamivu, akafanya kazi zaidi ya miaka 20 katika Maabara ya Lincoln ya MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani. Mwaka 1976 Oxford wakamchukua aongoze maabara ya kemia isokaboni. Mwanafizikia, kwenye kiti cha kemia, akiwa na miaka 54. Mwaka 1980 kundi lake likachapisha kazi ya kathodi ya oksidi ya kobalti, ambayo ndiyo iliyokuja kuingia kwenye betri za lithiamu zilizoanza kuuzwa na Sony mwaka 1991. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2019 aliipata pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Na kama mmoja wenu atasema mambo makubwa ya betri hayatoki kwa wahandisi, mtajie Maria Skyllas-Kazacos, mhandisi kemikali. Katika miaka ya 1980, kwenye Chuo Kikuu cha New South Wales, yeye na wenzake walitengeneza betri ya vanadi ambayo umeme wake unakaa ndani ya vimiminika vinavyopitishwa kwa pampu. Kuta za idara ni zetu sisi tulio ndani. Ayoni za lithiamu hazizijui.

Kuna jambo la pili ambalo hukuniuliza, nami nitakuambia kwa kuwa linaniuma hadi leo. Wakati fulani nilikuwa kwenye kamati iliyomwajiri kijana hodari wa seli. Tulimshangilia. Tulimwahidi sanduku la glavu, lile kabati lililozibwa lenye gesi ya argoni ambamo seli hufungwa, kwa sababu chumvi ya lithiamu inayotumika kwenye elektroliti, yaani kimiminika kinachopitisha ayoni ndani ya seli, ikikutana na unyevu hutoa asidi ya hidrofloriki inayoila seli na kumdhuru mtu. Sanduku lilinunuliwa. Likakaa ndani ya kreti miezi 14. Chumba kilikuwa bado hakijapangwa, mkataba wa argoni haukuwa na mtu wa kuusaini, na hakuna fundi aliyefundishwa kuhuisha kichujio kinachonyonya oksijeni na unyevu. Kijana akafundisha vipindi vya wenzake huku akingoja, mwaka wa pili akaaga. Kamati ilisema hakuwa mvumilivu. Nilikuwemo, sikupinga, na nilipaswa kupinga.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujatangaza, nenda kwa miguu yako ukakione chumba. Uliza ni nani atasaini argoni. Jina la fundi liwepo kwenye karatasi. Ukishapata hayo, andika kwenye tangazo ni chumba gani, kina nini, na kitakuwa tayari lini. Waombaji wazuri watalisoma tangazo lako kuliko la chuo chenye jina kubwa lililojaa maneno matupu.

Shikamoo Mwalimu. Nina shahada ya uzamivu na miaka miwili ya utafiti baada ya hapo. Kazi yangu ni kuzeeka kwa seli, kwa hiyo nina makala 6 tu, wakati wenzangu wana 20 na zaidi. Mwezi ujao nimeitwa kwenye usaili wa uhadhiri. Wanataka mpango wa utafiti wa miaka 5 na orodha ya vifaa. Je, nikiomba vingi nitawatisha? Na huu uchache wa makala niueleze vipi?
*Mtafiti wa Mkataba*

Marahaba mwanangu. Usiombe radhi. Wafanyie hesabu ubaoni, mbele ya macho yao.

Seli ikichajiwa kwa saa moja na kutoa chaji kwa saa moja, mzunguko mmoja ni saa 2. Mizunguko 1,000 ni saa 2,000, yaani siku 83. Lakini kasi hiyo ni kali kwa matumizi mengi. Ukiipa saa 3 kuchaji na saa 3 kutoa, mizunguko hiyo 1,000 inakula siku 250. Mwaka mzima una saa 8,760, kwa hiyo chaneli moja ya kupimia, yaani nafasi ya seli moja kwenye mashine, hata isiposimama dakika moja, itakupa mizunguko 1,460 na si zaidi. Sasa sema: nataka kulinganisha elektroliti 5, kila moja kwa seli 3 ili nisidanganywe na bahati, kwa viwango viwili vya joto. Hizo ni chaneli 30, zimeshikwa kwa muda wa miezi minane na zaidi, kwa swali moja tu la utafiti. Mjumbe akishaona hayo, makala zako 6 ataziangalia kwa jicho jingine, na chaneli 60 ulizoziomba hazitamshtua.

Kuhusu orodha ya vifaa, kosa la vijana ni kuandika mashine kubwa na kusahau vinavyoiweka mashine hai. Omba vyumba vya joto la kudumu, kwa sababu seli iliyopimwa kwenye joto linalopanda mchana na kushuka usiku inakupa mawimbi kwenye grafu ambayo hayana uhusiano wowote na kemia yako. Omba argoni ya miaka mitatu, maana ya mwaka mmoja haikufikishi popote. Omba umeme wa akiba kwa ajili ya mashine za kupimia na kompyuta yake, na uuombe kwa maandishi. Mimi sikuuomba. Usiku mmoja wa Jumamosi umeme ulikatika, mashine ilipowaka tena ikaanza kuhesabu mizunguko upya, na chumba cha joto kikabaki kimezimika hadi Jumatatu. Seli 38 zilizokuwa zimevuka mzunguko wa 600 zikapoteza historia yake. Mwanafunzi wangu alirudia karibu mwaka mzima wa kazi. Alinisamehe. Mimi bado nauona uso wake asubuhi ile.

Kwenye mpango wa miaka 5, mwaka wa kwanza usiujaze ahadi. Andika kwamba utajenga utaratibu wa kufunga seli hadi seli kumi za mkono wako zifanane, ndipo utaanza kuuliza maswali ya kisayansi. Na kwa kuwa sanduku la glavu linaweza kuchelewa (soma jibu langu hapo juu), weka kazi isiyolihitaji. Nunua seli za dukani za silinda, zile za milimita 18 kwa 65, uzizeeshe kwa joto na kasi mbalimbali. Wanafunzi wako wa uzamili watakuwa na data kabla ya mwaka kuisha.

Kitu kimoja zaidi cha kuwapa matumaini wasiopenda kungoja. Mtafiti wa betri Jeff Dahn na kundi lake pale Chuo Kikuu cha Dalhousie walijenga mashine za kupima kwa usahihi mkubwa sana ni sehemu gani ya chaji iliyoingia inarudi kila mzunguko, ili tofauti ndogo kati ya seli na seli ionekane mapema bila kungoja seli zife. Fikiria seli inayorejesha asilimia 99.9 na kupoteza lithiamu kila mara: baada ya mizunguko 1,000, ukizidisha 0.999 kwa yenyewe kila mzunguko, inabaki na takriban asilimia 37. Ikirejesha asilimia 99.99, inabaki na takriban 90. Macho hayaoni tofauti ya namba hizo mbili mwanzoni, lakini moja ni betri na nyingine ni taka. Ukiweza kueleza hivyo kwa dakika tano, hata mjumbe wa uhandisi wa ujenzi atakuelewa, na kura yake ni sawa na ya mwingine.

Na mwisho wa usaili watakapokuuliza kama una swali, uliza: je, naweza kukiona chumba leo?

Mwalimu, kwenye usaili nilioufanya, mjumbe mmoja aliniuliza nani atabaki na watoto wangu nikiwa maabara usiku. Mwombaji mwanaume aliyenitangulia hakuulizwa hivyo, nilimwuliza. Nilijibu kwa upole. Je, nilikosea?
*Mama wa Wawili*

Hukukosea, binti yangu. Aliyekosea ni mwenyekiti aliyenyamaza. Mimi nilipokuwa mwenyekiti nilisema mapema, kabla mwombaji hajaingia: swali ambalo hatutamwuliza kila mtu, halitaulizwa kwa yeyote. Ukipewa kazi hiyo na unaihitaji, ichukue, lakini mwandikie mkuu wa idara ueleze ulichoulizwa, kwa heshima na kwa tarehe. Kuna mwanamke mwingine atakayeingia chumba kile baada yako. Na uwaambie pia kwamba seli huzeeka usiku bila mtu kuzishika mkono.

Mwalimu wangu, mimi ni mjumbe wa kamati, fani yangu ni mitambo. Tuna waombaji wawili waliobaki. Mmoja ana makala 64, nyingi kuhusu anodi (elektrodi hasi) za silikoni zenye "uwezo mara kumi". Wa pili ana makala 9. Wenzangu wameshaamua kwa namba. Mimi sina utulivu moyoni lakini sijui niulize nini, kwa kuwa si fani yangu.
*Mjumbe Asiyetulia*

Ndugu yangu, moyo wako unakuambia vizuri. Huhitaji kuwa mtu wa betri ili kuuliza maswali manne haya.

La kwanza: matokeo haya ni ya nusu seli au seli kamili? Katika nusu seli, upande wa pili kuna kipande cha metali ya lithiamu, nyingi kuliko inayohitajika. Kila lithiamu inayopotea kwenye elektrodi inayopimwa inafidiwa kimyakimya kutoka kwenye akiba hiyo, na grafu inabaki nzuri. Katika seli kamili hakuna wa kufidia. Nimeona elektrodi iliyoishi mizunguko 500 kwenye nusu seli ikamaliza hamsini tu kwenye seli kamili.

La pili: elektrodi ilikuwa nene kiasi gani, na elektroliti kiasi gani? Ukipaka tabaka jembamba na kulilowesha kwa elektroliti tele, karibu kila nyenzo itapendeza. Hapa ndipo hiyo "mara kumi" inapopatia nafasi. Ni kweli grafiti ina kikomo cha miliampea-saa 372 kwa gramu, na silikoni hukaribia 3,600. Lakini silikoni ikijaa lithiamu huvimba hadi karibu mara nne ya ujazo wake wa awali, hupasuka, na kila ufa mpya unakula lithiamu na elektroliti. Mwombaji mkweli ataanza mwenyewe kukueleza uvimbe huo kabla hujamaliza swali.

La tatu: grafu hii ni ya seli ngapi? Ukisikia "hii ndiyo iliyokuwa bora", andika hilo kwenye karatasi yako.

La nne ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mwambie: nionyeshe seli yako mbaya kuliko zote, uniambie ilikufa kwa nini. Tulipomwuliza hivyo mwombaji mmoja, dada mwenye makala 7, alifungua kompyuta yake akatuonyesha seli 12 za kundi moja, 3 zikiwa zimekufa mapema. Alikuwa amezifungua moja moja ndani ya sanduku la glavu. Kwenye mbili, kitenganishi, ule utando unaozuia elektrodi zisigusane, kilikuwa kimekaa upande kwa chini ya milimita moja. Kwenye ya tatu hakuona sababu, na alisema hivyo, kisha akasema ndiyo inayomnyima usingizi. Tulimwajiri dada yule. Wanafunzi wake ninawatambua hata wakija kwenye mkutano bila kujitaja, kwa kuwa kila grafu yao ina idadi ya seli iliyoandikwa pembeni.

Inawezekana mwenye makala 64 atajibu yote manne vizuri. Basi mchukueni kwa furaha. Ila waombe wenzako wasipige kura kabla hawajamsikia.

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 51, nimefanya kazi kiwandani miaka 22 kwenye uundaji wa seli. Nina shahada ya uzamivu lakini makala zangu zilizochapishwa ni mbili, nyingine ni hataza na ripoti za siri. Chuo kikuu kimetangaza nafasi ya profesa mshiriki. Nimechelewa?
*Mtu wa Kiwandani*

Marahaba. Umri ulioutaja ni mdogo kuliko wa Goodenough alipofika Oxford. Umri wa kustaafu wa huko ulipomkaribia alihamia Chuo Kikuu cha Texas pale Austin, mwaka 1986, akiwa na miaka 64, na kundi lake la huko ndilo lililochapisha kazi ya fosfati ya chuma mwaka 1997. Akira Yoshino aliyetengeneza mfano wa betri ya lithiamu mwaka 1985 alikuwa mtu wa kampuni, Asahi Kasei. Uprofesa wa chuo kikuu ulimjia baadaye sana. Kwa hiyo njia ipo.

Kikwazo chako ni kwamba wajumbe hawajui kusoma hataza. Kwa kila moja andika mistari mitatu: tatizo lilikuwa nini, wewe ulifanya nini, na seli zake zilifika mikononi mwa watumiaji au hazikufika. Usitaje siri za mwajiri wako. Mtu anayemwaga siri za kazi ya zamani kwenye usaili anawaonyesha wajumbe atakavyofanya kwao.

Kisha waeleze unachoweza kuwafundisha wanafunzi ambacho hawatakipata kwingine. Unajua kwa nini chumba kikavu kinawekewa kiwango cha umande cha nyuzi 40 chini ya sifuri na pungufu ya hapo. Umeona elektrodi ya mita mamia ikitoka ina doa kwa sababu uji ulikuwa na mapovu. Unajua harufu ya seli iliyoanza kuvuja, na unajua kwamba hapo watu wanatoka kwanza, maswali baadaye. Maabara nyingi za vyuo hazina mtu wa kuwafundisha wanafunzi nidhamu hiyo, na wanafunzi wanaumia.

Jambo moja ujiandae nalo. Kiwandani ukiomba fundi, anakuja. Chuoni utamngoja, na wakati mwingine fundi utakuwa wewe. Kawaombe wakuonyeshe chumba cha kupimia, uhesabu ni chaneli ngapi zinawaka taa na ngapi zimekufa. Niandikie walichokuonyesha, nitakuambia kama mimi ningesaini.